Mti Mfupi wa Shina Nene

Mama mkwe wangu alinikataza kupanda mbegu mwaka wa kwanza tu wa ndoa yangu. Kupalilia nipalilie, kuvuna nivune, kubeba magunia nibebe mpaka shingo iingie ndani, lakini kutia mbegu ardhini, hapana. Alisema nina mkono wa kukausha. Na ushahidi alikuwa nao: mistari mitatu ya mahindi niliyopanda haikutoa hata mche mmoja, na maharage yakaozea humo humo ardhini. Nilikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Rukwa na ng'ombe wao, nimeolewa kwa Wafipa wa Milanzi, watu wa jembe na misa ya Jumapili. Iliniuma sana. Katika nyumba ya wakulima, mwanamke asiyepanda ni mgeni tu anayekula kila siku.

Mjini nilikuwa napiga chapa kwenye ofisi ya mradi mmoja wa kilimo. Mwaka uliofuata mradi ulifungwa, na mzungu aliyekuwa akiusimamia akaniachia mche kwenye bakuli la udongo. Ulikuwa mwembamba kama kalamu, majani yake kama unyayo wa bata. Aliuita mepo, mti wa nchi za baridi. Aliniachia pia ukurasa uliochanwa kwenye jarida, wenye picha ya mti wa aina hiyo hiyo, mfupi usiofika hata gotini. Lakini shina lake sasa! Nene, limetanuka chini, mizizi imeshika udongo pande zote. Akasema Wajapani huuita mti wa namna hiyo bonsai, na kwamba yeye umemshinda.

Mimi nikiona kitu nisichokielewa situlii. Mti unanenepaje bila kurefuka? Nikajipa jibu mwenyewe: ukitaka ubaki mfupi, ubane. Basi nikauacha kwenye bakuli lake, kila ukichomoza tawi nakata, maji kidogo, mbolea hakuna. Mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga ilipokolea, majani yakageuka mekundu kama pilipili, kisha yakadondoka yote.

"Yesu na Maria!" mama mkwe akasema. "Hata wa mzungu umeua!"

Nililia siku hiyo, sikatai. Lakini mwezi wa tisa ukachipua. Nikazunguka nyumba nzima nikipiga vigelegele peke yangu. Mama akaja, akainama akautazama, akafuta mikono kwenye kitenge chake na kurudi jikoni. Mwaka wa pili ukafanya vile vile, ila shina likabaki lile lile la kalamu.

"Msukuma," mama alikuwa akinitania, "huyu ndama wako mbona hanenepi?"

Miaka ile serikali ilikuwa imeondoa ruzuku ya mbolea, na watu wengi wakarudi kwenye ntumba, matuta ya duara ya Wafipa: unapindua majani pamoja na udongo, unayafukia, yanaoza humo ndani. Msimu unaofuata unayasambaza na kupanda ulezi. Mama alifurahi waziwazi, maana yeye ntumba hakuwahi kuziacha.

Asubuhi moja nikakuta bakuli langu tupu. Nilifura! Nikamfuata shambani nyuma ya nyumba, hata shikamoo nikasahau.

"Mama, mti wangu uko wapi?"

"Mti ulikuwa na njaa. Nimeuchimbia shimo kwenye ntumba. Nitaupanda mimi, wewe usitie mkono."

Ulikuwa umelala chini, mizizi wazi. Hasira ilinipanda, lakini na udadisi nao ukapanda, kwa sababu kwenye ukurasa wangu kulikuwa na vichoro ambavyo sikuwa nimevielewa: mti uko ardhini, si kwenye bakuli, na chini ya mizizi kuna kitu bapa. Nikamwomba aweke kigae.

"Cha nini?"

"Mizizi ikikosa pa kushukia, itatambaa pembeni. Nadhani."

Akanikazia macho. Kisha akaenda mwenyewe jikoni, akarudi na kipande cha chungu kilichovunjika.

Mti ule ulikula, jamani. Ulipanda juu kama umeitwa. Nilitaka kukata matawi, mama akanizuia, akasema huwezi kumnenepesha mtu huku umemziba mdomo. Nikafunga uzi kwenye shina ili nipime, na kila msimu uzi ukawa mfupi. Kumbe matawi yale marefu ndiyo yaliyokuwa yakilisha shina! Mimi miaka miwili nilikuwa nayakata.

Kila ulipofika wakati wa kusambaza matuta, mama alisambaza yote isipokuwa lile moja. Jirani alipouliza kwa nini anaacha tuta katikati ya ulezi, alimjibu, "Linakuhusu nini?"

Baada ya miaka minne shina lilinenepa kuliko mguu wangu, na mti ukapita paa la nyumba. Ndipo nikamwonyesha mama kichoro cha mwisho: msumeno, shibiri moja kutoka ardhini.

"Uukate? Mti niliolisha miaka minne?"

Alininunia siku mbili. Mume wangu alikuwa Laela akinunua mahindi, kwa hiyo hapakuwa na wa kutupatanisha. Siku ya tatu mama akaja na msumeno.

"Mti ni wako. Kata. Ukichipua, tutaona. Ukifa, basi ni mkono wako kweli, na habari ya mbegu usiniulize tena."

Nilikata mwezi wa saba, majani yameshadondoka. Msumeno uliruka mara mbili kabla haujashika. Kwenye kidonda nikapaka samadi mbichi iliyochanganywa na majivu, kama baba yangu alivyompaka ng'ombe aliyevunjika pembe.

Mwezi wa nane, kimya. Wa tisa, kimya. Kila asubuhi nachungulia kisiki, na kila asubuhi namkuta mama yuko pale pale, eti anatafuta kuku. Niliogopa. Nilishaanza kujizoeza kukaa na jina lile la mkono wa kukausha maisha yangu yote.

Mwezi wa kumi nikasikia, "Wewe! Njoo hapa!"

Alikuwa amepiga magoti. Chini kidogo ya kidonda vilikuwa vimetokeza vidoa vyekundu, vidogo kama punje za ulezi. Alihesabu kumi na moja, nami nikahesabu upya kwa kutomwamini.

Mvua za kwanza ziliponyesha, shambani alifungua pindo la kitenge chake akanimiminia mahindi viganjani. "Leo tunapanda wote," akasema.

Nikachimba shimo, nikadondosha punje, nikafukia, nikakanyaga kwa kisigino. Nikaenda la pili.

"Subiri. Unafanya nini?" Akafukua kwa vidole, akafukua tena, mkono ukazama. "Mpaka huku?"

"Kwetu ndivyo. Ardhi ya huko ni kavu, mama. Ukipanda juu juu mbegu inaungua, na kuku wanaifukua."

"Huku kwetu inaoza," akasema, akakaa chini kwenye udongo uliolowa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki.

"Miaka saba," akasema. "Na sikuwahi kukutazama ukipanda."

Akazifukua punje zangu moja moja, akazifuta tope, akanirudishia kiganjani.

"Anza upya, mwanangu. Nakutazama."