Mawe ya Mipaka Uwanjani Mpepai

Siku ile kwenye uwanja wa mpira wa Mpepai tulikuwepo bibi mmoja mkulima wa kahawa, akina mama sita wa kwaya, mpimaji ardhi kutoka mjini, na mimi na mwanangu mgongoni. Siku hizi za soko huria kila kitu kinauzwa, na wakubwa walikuwa wameamua uwanja ukatwe vipande wajengewe nyumba wenye fedha. Watoto wetu hawana tambarare nyingine. Kwingine kote ni milima.

Mpimaji alikuwa hoi kwa kushusha mawe ya mipaka. Bibi akampa togwa.

“Kaa unywe, baba. Mawe tutakubebea sisi.”

Tukayabeba. Alipoinua macho, yote yalikuwa yamepangwa kuzunguka ukingo wa uwanja.

“Bibi, mengine yanatakiwa katikati!”

“Katikati watoto wanakimbia, baba. Si watajikwaa?”

Mpimaji akanyoosha kikombe aongezewe, kisha akachora ramani kama mawe yalivyokaa.

Watu husema wenye ofisi hawasikii. Huyu alisikia, ila alihitaji kunywa kwanza.

Ramani ilipitishwa mwaka huohuo, ikiwa na kiwanja kimoja, cha michezo.