Beki Aliyepimwa kwa Mizani ya Magome

Enzi za Mwingereza, Anania alikuwa mpima magome katika shamba moja la miwati, miti ambayo magome yake hulainisha ngozi viwandani, nje kidogo ya Njombe. Vibarua walibambua magome, wakayafunga mizigo, wakamletea. Yeye aliyatundika kwenye ndoano ya mizani na kutaja ratili, na hakuna aliyebishana naye. Alikuwa mtu mrefu, mkavu wa mwili, Mlutheri wa kuzaliwa, na kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Kazi ya pili alipewa na meneja, Mzungu aliyependa mpira kuliko miti. Timu ya shamba ilikuwa imefungwa vibaya na madereva wa Makambako, na tangu siku hiyo kila lori lililokuja kuchukua magome lilikuja na kejeli.

"Mpimaji, kamwene!" dereva alimsalimu kwa Kibena, kisha akaharibu salamu. "Safari ijayo mtatuletea watu au fito?"

Meneja akaamuru kila kibarua mpya apimwe. Atakayefaa kwa timu asipelekwe msituni kwenye baridi na mvua. Apewe kazi ya bohari, ndani, karibu na moto.

Nimetembea nchi nyingi, na kila mahali nimekuta watu wanaoamini kwamba binadamu husomeka kwa kamba. Durban niliona mabondia wakipimwa vifua kama ng'ombe wa mnadani. Baharia mmoja wa Kimarekani aliniambia kwamba kwao, katika ule mpira wao wa kubebwa mikononi, kijana huulizwa urefu na uzito kabla ya kuulizwa kama anajua kucheza. Nilimcheka. Sikujua bado habari za Anania.

Yeye aliipenda kazi hiyo. Alipata futikamba kwa fundi cherehani, akapima vifua, mapaja, mashavu ya miguu, na viganja vya waliotaka kudaka. Uzito aliupima kwa mizani ile ile ya magome: mtu anashika ndoano kwa mikono miwili, anakunja magoti, ananing'inia.

Siku moja akaning'inia Manase, mtu wa Wanging'ombe, mpole, mwenye mke na watoto wadogo huko nyumbani. Mizani ikashuka kuliko ilivyowahi kushuka kwa mtu. Vibarua wakapiga miluzi.

"Kaka, niachie?" Manase aliuliza.

"Subiri. Umekula nini wewe, jiwe?"

"Kwetu tunashiba, kaka. Ninyi wa Njombe mnaonja tu."

Watu wakacheka. Anania akapiga goti, akamzungushia futikamba kwenye shavu la mguu. Mguu ulikuwa mnene kama wa beki ambaye meneja alikuwa akimwota. Lakini alipoifungua futikamba, alama yake ilibaki kwenye ngozi, mfereji mzima. Anania akabonyeza kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Pakabaki shimo. Akalitazama, nalo halikujaa.

Alilijua shimo lile. Mama yake alikuwa na miguu ya namna hiyo miezi ya mwisho ya uhai wake.

"Umewahi kuugua?" aliuliza bila kuinua uso.

"Mimi? Hata mafua sijui."

Anania alisimama, akakung'uta magoti, akapaza sauti: "Beki! Bohari!"

Walicheza na madereva huko Makambako, uwanja wa vumbi jekundu kando ya barabara kuu. Kipindi cha kwanza Manase alisimama mbele ya goli, na waliomgonga walianguka wenyewe. Meneja aliruka kama mtoto. Kipindi cha pili Manase aliketi chini. Hakuna aliyemgusa.

"Ukuta umechoka!" madereva walicheka. "Mleteeni kigoda!"

Kisha wakaona midomo yake imegeuka bluu, na jinsi alivyokuwa akitafuta pumzi, wakaacha kucheka. Dereva mmoja wa upande wa pili ndiye aliyembeba hadi kwenye lori na kumkimbiza hospitali ya Ilembula. Huko wakasema mafigo, na kwamba mwili ule ulikuwa maji. Alitoka baada ya muda mrefu, amekonda, nguo zikimpwaya kama za kuazima. Kazi nzito alikatazwa kabisa, na boharini alikuwa ameshawekwa mwingine. Akahamia na familia yake Kichiwa, kwa shemeji yake, kulima bustani ndogo ya viazi. Kanisa la Kichiwa ndimo Anania alimosali.

Haukupita muda Manase akaenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa. Alisema alijua kwamba anaumwa, akakana alipoulizwa, na asubuhi ya kupimwa alikunywa maji hadi tumbo likamuuma, ili mizani ishuke zaidi. Akasema amemdanganya mpimaji mwaminifu. Wazee wakamtenga na Meza ya Bwana kwa kipindi, akae benchi la nyuma. Kisha wakamwita Anania, aliyekosewa.

"Ndugu yako anakuomba radhi," alisema Mzee Efraimu, mkuu wa wazee. "Unamsamehe?"

Manase alisimama mbele yake, macho chini. Neno moja tu lilihitajika, na Anania alikuwa nalo mdomoni. Angesema, "Nililiona." Lakini wazee walikuwa wakimtazama kwa heshima, na yeye alikuwa hajawahi kutazamwa vinginevyo.

"Nimemsamehe," alisema.

Manase alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru.

Tangu hapo, kila ilipofika ibada ya Meza ya Bwana, Anania alipita mbele kupokea, na nyuma yake Manase alibaki benchini pamoja na watoto. Mke wa Anania, Ema, aliona mumewe hali chakula.

"Una nini wewe? Mtu umemsamehe, yamekwisha."

"Hayajaisha."

"Basi nenda uyamalize. Ugali haukukosea kitu."

Jumapili iliyofuata, watu walipoinuka kwenda mbele, Anania alirudi nyuma akaketi kando ya Manase. Nyimbo zikaanza bila yeye, zikapanda juu mno.

"Kaka, umepotea njia?" Manase alinong'ona. "Huku ni kwetu wakosaji."

"Siku ile nilibonyeza mguu wako. Nililiona shimo."

"Ukalijua?"

"Nililijua."

Manase aliinamia mguu wake, akaupapasa. "Kumbe sikumdanganya mtu," alisema. "Na mkono nikakushika." Akasogea mbali naye benchini. "Usininong'oneze mimi. Kawaambie waliokusikia ukinisamehe."

Anania aliwaambia wazee siku hiyo hiyo, wote wakiwa wamesimama. Mzee Efraimu alikohoa sana. Hakuwa amejiandaa kumtenga mwanzisha nyimbo wake. Akamgeukia Manase, pengine akitumaini jambo lifungwe haraka.

"Unamsamehe?"

"Bado," alisema Manase.

"Bado mpaka lini, mwanangu?"

"Mzee, mimi sina mizani. Nikiwa tayari nitasema."

Manase aliporudishwa mezani, Anania alibaki nyuma. Nilipomkuta alikuwa bado anapima magome, lakini watu alikuwa amekataa kuwapima, na meneja alikuwa amempunguzia cheo. Nilimuuliza kama Manase amekwisha kusema lolote.

"Husalimia," alijibu. "Juzi aliniletea viazi. La kusamehe hajalisema, nami simuulizi."