Fundi Aliyevaa Kanzu ya Padri

Nikisikia harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kibichi, narudi Mugoma, nyumbani kwa bibi yangu, mwaka ule wakimbizi walipojaa njia zote.

Nilikuwa na miaka kumi. Mgeni wetu alifika amevaa kanzu nyeupe ya padri, imejaa matope hadi magotini. Katekista alipomwona barabarani alipiga magoti, na sisi wote tukafuata, maana miezi mingi ilikuwa imepita bila padri kufika kigangoni kwetu. Bibi akampa chumba chake, akahamia kwangu pamoja na kukoroma kwake. Padri aliongoza rozari kila jioni, lakini misa hakusoma. Alisema vyombo vyake vilipotea njiani.

Siku moja nilitoka shuleni mapema, pindo la sketi limechanika. Nilimkuta peke yake, anapiga pasi kanzu. Alichukua sindano, akalishona lile pindo kwa mishono midogo, ya haraka, bila hata kukazia macho.

“Padri, ulijifunza wapi kushona?”

Mkono ukasimama. “Mimi ni fundi cherehani, mwanangu. Niliwashonea mapadri. Hii nilivaa nipite kwenye vizuizi vya askari njiani. Nilipofika hapa mkapiga magoti kabla sijafungua mdomo. Usimwambie bibi.”

Kuanzia hapo sikuwa na pa kupumulia. Nikisema, watampiga. Nikinyamaza, namdanganya bibi aliyenilea. Kila nilipomsalimu “Tumsifu Yesu Kristu”, ulimi ulikuwa mzito, naye aliitikia akitazama chini. Wakati wa rozari alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, macho yake mlangoni.

Kisha bibi akashikwa na homa ya kifua. Akaomba kuungama na kupakwa mafuta.

“Nina bahati,” aliniambia. “Wenzangu hufa padri yuko mbali. Wangu analala chumba cha pili.”

Nilibaki mlangoni, nikilivuta lile pindo la sketi.

Katekista alimleta mgeni kitandani kwa bibi. Mgeni akaivua kanzu, akabaki na shati lililochanika begani.

“Mama, mimi si padri, ni fundi cherehani. Nikisikiliza dhambi zako nitakuwa nimekuibia. Tumeni mtu parokiani sasa hivi.”

Katekista alimkamata shati, akainua fimbo.

“Mwache,” bibi alisema, sauti imekwisha. “Panda baiskeli, ukamlete padri.”

Padri wa kweli alifika kesho yake mchana. Bibi akaungama, akapakwa mafuta, akafariki Jumapili. Fundi alikuwa amekwisha kupelekwa kambini. Sikumwona tena.

Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba nilitunza siri ya mtu nikamwokoa. Nilipokuwa mama wa watoto ndipo nikaelewa: kama naye angenyamaza kama mimi, hakuna ambaye angepanda baiskeli ile. Nawaambia ninyi, kwa kuwa bibi sikuwahi kumwambia. Yule mwongo ndiye aliyemletea padri. Mimi, mjukuu wake, nilisimama mlangoni nikiujua ukweli wote, nikamwacha ajiite mwenye bahati.