Namba ya Simu Ubavuni mwa Hodi

Fundi wa maandishi, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Brashi, aliitwa kwenye karakana ya chombo cha anga kwa sababu stika ilikuwa imeaibika.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kwenda kuzitazama sayari za mbali, hadi Zohali na kurudi, na injini yake ilifanya kazi ileile ifanywayo na jua: kuzibana atomu mpaka ziungane na kutoa moto. Stika ya jina, iliyochapwa kwa mashine na kubandikwa ubavuni, ilijikunja kama gazeti jikoni mara injini ilipojaribiwa. Wakubwa wakashauriana. Mmoja akakumbuka kwamba zamani watu waliandika kwa mkono, kwa rangi.

Zamani. Brashi alilisikia neno hilo akaguna. Zamani yenyewe ilikuwa juzi tu, wakati kila duka lilipokuwa na mwandiko wake na mtoto akijifunza kusoma njiani kabla hajafika shuleni: kinyozi, dobi, vipuri, hapa hakopeshwi mtu. Herufi zilikuwa na matumbo na viuno. Leo mtaa mzima umevaa plastiki, herufi zote zimefanana kama askari wa gwaride. Jua likiipiga kidogo inapauka, inatupwa, inaletwa nyingine, na hakuna anayeona haya. Bango lake la mwisho, la duka la vipuri, liling'olewa mwezi uliopita. Hakubakiwa na hata moja mjini.

Mkewe alimfungia begi la kazi. "Usiwapelekee maneno yako," alimwonya. "Wape herufi zao urudi."

"Maneno gani?"

"Hayo unayoyaanza na 'siku hizi'."

Jina la chombo lilikuwa HODI. Alilipenda palepale. Kwenda kwa watu usiowajua na kutanguliza hodi, hiyo ilikuwa adabu aliyodhani imeshazikwa. Walimpa rangi nyeupe isiyoogopa moto, nzito kama asali. Akapanda jukwaa, akavuta uzi uliopakwa chaki, akaudunda, mstari ukatokea. Akaegemeza mkono kwenye fimbo yake ya kuutuliza, akaanza. H ikasimama imara. O ilimpa taabu, maana ubavu wa chombo ulikuwa umepinda na duara likataka kuwa yai. Akaipanua kwa jicho mpaka ikatulia. D ikafuata, kisha I. Kufikia hapo alikuwa akiimba chini kwa chini na mkono ukijiendea wenyewe, na uliposhuka pembeni, chini ya I, uliandika kile ulichoandika maisha yake yote, kwa herufi ndogo za mlalo: Brashi, na namba ya simu.

Aliyeona kwanza ni msimamizi wa karakana. "Mzee, hiki nini?"

Brashi akatazama. "Lo," akasema.

"Umeweka tangazo kwenye chombo cha anga."

"Si tangazo. Ni sahihi ya fundi."

"Ifute kabla mkaguzi hajafika. Alama isiyo na kazi hairuhusiwi."

Brashi akalowesha kitambaa kwa dawa ya kuyeyusha rangi. Mkono ukagoma. Akiifuta hiyo, duniani hapatakuwa na ukuta, mlango wala bati lenye jina lake. Itakuwa kama hakuwahi kushika brashi. Alikuwa bado amesimama hivyo, kitambaa kikidondosha, alipopanda mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii namba ina kazi gani?"

"Rangi ikichubuka, mwenye mali ajue amwite nani. Ndivyo tulivyofanya. Fundi hakuikimbia kazi yake."

"Ikichubukia Zohali?"

"Huko sifiki. Warudi nayo niitazame."

Msimamizi akacheka. Mkaguzi hakucheka.

"Halafu, mwanangu, mtu akibisha hodi huulizwa, nani wewe? Ninyi mmeandika hodi mkanyamaza."

Mkaguzi akavaa miwani, akasoma tena. Akatoa simu, akabonyeza tarakimu mojamoja huku akiutazama ubavu wa chombo. Mfuko wa suruali ya Brashi ukaanza kulia. Kwa kukosa la kufanya, akapokea, na yeye aliyempigia yuko mbele yake.

"Nani mwenzangu?" mkaguzi akauliza simuni.

"Brashi. Fundi wa maandishi."

"Chombo chetu kikichubuka, utakuja?"

"Nikiwa hai nitakuja."

"Na usipokuwepo?"

Brashi akafikiri. "Atapokea mke wangu. Atawagombeza kwanza, kisha atawasikiliza."

Mkaguzi akakata simu. "Basi ina kazi," akamwambia msimamizi. "Iingize kwenye mchoro wa chombo."

Brashi alikiweka kitambaa chini, akachagua brashi yake nyembamba kuliko zote. Tarakimu ya mwisho, saba, ilikuwa imeguswa na tone la dawa na kuvimba mguu. Akaitengeneza polepole, na alipomaliza akaiongezea na kivuli, bure.