Upepo Ndani ya Tangi la Maji

Juzi, kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Kabondo, mume na mke waligombania upepo. Nikasogea. Shule niliiacha mapema ili nisiwachoshe walimu, lakini ugomvi sikosi.

Mume alitaka pampu mpya ya kisima. Ya zamani ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kila mtu akifungua bomba. Ikiungua, nyumba nzima itarudi kubeba maji kwa bidoni.

Mke akagonga tangi jipya la dukani. Likalia ngoo!

"Unasikia? Ya kwetu ukigonga haijibu, sawa mutu amelala. Maji imejaa mpaka juu, upepo imekwisha. Na ni upepo inasukuma maji kwenye bomba, pompe ipumuzike."

"Mama, mimi nilinunua tangi ya maji, si ya upepo!" mume akamaka.

"Bon. Pompe ya velo yako iko wapi?"

Nikawafuata mpaka uani kwao, bila kualikwa. Mke akazima umeme, akamwaga maji yote ya tangi, akafunga pampu ya baiskeli kwenye valvu ya tangi, inayofanana kabisa na ya gurudumu. Mume akapiga upepo huku amenuna.

Mke akawasha umeme, maji yakajaa chini ya tangi, upepo ukabaki juu. Mume akafungua bomba. Maji yakatiririka, pampu kimya. Akaweka sikio kwenye tangi, akagonga chini, akagonga juu. Ngoo!

"Mama, imeamuka! Mutu asiguse tena. Upepo ni kazi yangu."

Mke akanikonyeza.

Nami, bingwa wa yote, sasa nagonga matangi ya majirani. Wawili wamenifukuza. Wa tatu amenipa pampu ya baiskeli, akaketi kivulini.