Nilivyofunga mipira ya upepo kwenye Noah ili rojo la biriani lisimwagike

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi si mwandishi na shule sikufika mbali, ila ninayoyaleta hapa yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mke wangu, Mama Salma, alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, yote alipika yeye na kina mama wenzake kwenye uwanja wa nyumba yetu Ilala. Kazi yangu ilikuwa kubeba masufuria kwa Noah yetu hadi kwenye shughuli.

Mwaka huu alitangulia mbele za haki. Sitaandika mengi hapo.

Wenzake waliendelea na upishi, nami nikaendelea kubeba. Ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo tuliifanya pamoja, sikutaka initoke mikononi.

Tatizo likawa gari. Springi za nyuma zimechoka. Ukipakia masufuria inalala nyuma, pua inaangalia juu, na kila tuta rojo la biriani linaruka chini ya mfuniko. Harusi moja tulifika na rojo nusu, nusu nyingine iko kwenye kapeti.

Bi Tatu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa wapishi, alinivumilia. Siku hiyo akaniita pembeni.

"Baba Salma, tunakupenda na msiba wako ni wetu. Lakini rojo halijui msiba. Noah yako imechuchumaa kama inatafuta choo. Jumamosi tuna harusi Magomeni. Likimwagika tena, tunakodi pikapu ya Kirikuu."

Nikachukua kitambaa, nikaenda kufuta kapeti.

Kesho yake nikaenda Kariakoo, maduka ya spea kule Gerezani. Wengi walitaka kunipa springi ngumu za gari kubwa. Hizo nazijua: ukiwa na mzigo sawa, ukiwa mtupu unarushwa hadi kichwa kinagonga paa.

Duka moja, baba wa Kihindi aliyekuwa akinisikiliza muda wote akatoa boksi. Ndani mipira miwili minene, kila mmoja kama chupa kubwa ya maji, na mipira myembamba ya kupitisha upepo.

"Hii inaingia katikati ya springi yako. Ukipakia, jaza upepo. Ukishusha, punguza. Springi yako inabaki ileile."

Nikachukua.

Fundi wangu, Masumbuko, yuko Buguruni. Kuona lile boksi akacheka.

"Mzee, gari la pilau unalifanya la waziri?"

Akapiga jeki, akashusha springi, akakata raba ya katikati inayozuia bodi isigonge chini. Ile lazima itoke, la sivyo mpira hauna pa kukaa. Akapachika mipira, akarudisha kila kitu. Kwenye karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi kulikuwa na michoro miwili. Tukachagua ule wa kuunganisha pande zote kwenye valvu moja, maana ulionekana rahisi. Unajaza mara moja, umemaliza.

Wakuu, kosa liko hapo.

Nikapakia masufuria yaleyale, nikajaza maji badala ya rojo. Gari limenyooka, matuta linapita kama linaelea. Nikaanza kutabasamu peke yangu. Kufika kona ya kwanza, likalala upande mmoja kama mlevi, maji yote yakahamia kwenye viti.

Nilirudi kwa Masumbuko mnyonge. Nikakaa kwenye kona ya bampa ya nyuma kufikiri. Nilivyokaa, upande wangu ukashuka, wa pili ukanyanyuka.

"Masumbuko, hebu njoo uone. Upepo unanikimbia!"

Akachungulia, nikasimama, nikakaa tena. Akashika kiuno.

"Aisee. Kumbe ukikata kona upepo unakimbilia upande wa pili!"

Tukatenganisha. Kila mpira na njia yake, kila mmoja na valvu yake. Nikarudi kona ileile na maji. Gari likapinda kama mtu mwenye adabu zake.

Jumamosi tukapakia. Bi Tatu alikaa nyuma, ameshika mfuniko wa rojo kwa mikono miwili. Katikati ya safari nikamwona kwenye kioo amekunja mikono kifuani. Ameuachia.

Tulipofika Magomeni alifunua sufuria, akapitisha kidole kwenye ukingo, akakiangalia. Kikavu.

Akapiga kigelegele palepale. Wakuu, watu wakakimbilia barazani wakidhani bibi harusi amefika!

"Rudini ndani, ni rojo!" akawaambia. Kisha akanigeukia: "Wiki ijayo tuna shughuli mbili, Baba Salma. Usije ukachukua mzigo wa watu wengine."

Nikafungua boneti, nikajifanya naangalia maji ya rejeta. Nilihitaji kuwa peke yangu kidogo.

Nilichojifunza: usichague mchoro kwa sababu ni rahisi. Kila upande uwe na upepo wake, na jaribu kwa maji kabla ya chakula cha watu. Mipira itadumu kiasi gani sijui, nisiwadanganye.

Aliyewahi kufunga hii kitu na akabeba mzigo nayo muda mrefu aniambie anaitunzaje. Hata mwenye kunicheka na acheke, uwanja ni wenu. Mimi niko nje nakagua upepo, masufuria ya leo yameshaanza kupakiwa.