Kompyuta ya Shangazi Haikunihimiza

Harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na ya karatasi za moto zinazotoka kwenye mashine ya fotokopi: nikiinusa popote, narudi mjini Kasongo, kwenye chumba ambamo shangazi Zaina, dada ya baba, aliwachapia watu barua kwa kompyuta. Nilikuwa na miaka saba, na kigugumizi kilichonifunga mdomo kabisa. Darasani mwalimu akiniuliza, maneno yalikwama kooni, wenzangu wakacheka, naye akahamia kwa mwingine. Mwishowe alimwambia baba kwamba nisipojibu kitu kwenye mtihani wa mdomo, nitarudia darasa la kwanza. Niliona aibu hata ya kula.

Shangazi hakunipa pole. Kila alasiri nikitoka madrasa, alinikalisha mbele ya kompyuta na kunifungulia mchezo wa maswali ya watoto. Picha tatu zilitokea, sauti ya mwanamke ikauliza kwa Kifaransa, shangazi akanitafsiria, nami nikabonyeza. Nikipata, kasuku aliyechorwa kwenye skrini alipiga mabawa. Nikikosa, ngoma ililia mara moja na swali likarudi. Mchezo ule niliupenda kwa moyo wote, na hadi leo nausifu bila haya. Hata nikifikiri mpaka chai ya shangazi ipoe, kasuku alitulia tu kwenye tawi lake. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri hivyo.

Siku moja mwalimu yuleyule alileta maswali ya mtihani wetu yachapwe. Alinikuta kitini, akataka kuniuliza maswali, shangazi akamkatiza.

“Mwalimu, umungojee. Uangalie tu mukono yake.”

Swali lilikuwa: maziwa yanatoka wapi? Picha: ng'ombe, kuku, kopo. Nilibonyeza kopo bila kusita. Kwetu maziwa yalikuwa ya unga, yakiletwa na wafanyabiashara kwa pikipiki. Ng'ombe akikamuliwa sikuwahi kumwona. Ngoma ikalia. Nilijua nimekwisha. Mwalimu akacheka hadi akafuta macho.

“Sasa kosa yake iko wapi? Huku kwetu maziwa inatoka mu kopo!”

Akavuta kiti. Baada ya hapo kasuku alipiga mabawa swali baada ya swali, mpaka mwalimu akasahau kilichomleta.

“Huyu mutoto anajua,” alimwambia shangazi. “Ni mudomo tu inachelewa.”

Siku ya mtihani mwalimu alinichorea majibu ubaoni, nami nikaonyesha kwa kidole. Nikapanda darasa la pili.

Leo mimi ni mwalimu huko Kabambare, katika darasa lisilo na umeme. Simu ya binti yangu imejaa michezo ya maswali yenye nyimbo, na yenye saa inayomkimbiza mtoto. Ni mizuri, ila wa shangazi sijauonea mwenzake. Wanafunzi wangu niliwafundisha kungojana kabla sijawafundisha herufi. Kigugumizi nacho hakijaniacha: asubuhi nikiita majina, nikifika kwa Mwamini nakwama palepale. Darasa zima hutulia. Hakuna anayecheka, hakuna anayenimalizia. Jina likishatoka, msichana wa dawati la nyuma anasimama.

“Niko, Madamu!”